Ernesti Aliyeitika Kila Ijumaa

Padre, wazee wetu shikamooni, nanyi nyote mliofika Pongwe kutusitiri, mimi ni Foibe, dada yake mkubwa Ernesti, familia imenituma nisome maisha yake, na nikikosea mtaniwia radhi.

Ernesti Fanueli Mhina alizaliwa hapa Pongwe tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa tatu wa mzee Fanueli, karani wa shamba la mkonge, akabatizwa mwezi Mei mwaka huohuo, na akaanza darasa la kwanza Januari 1984, wakati sabuni na sukari vilikuwa vitu vya kupangia foleni.

Juni 1985 taya lake lilivimba, tukawaambia majirani kuwa ni jino, na jino hilo tuliendelea kulisema hata alipolazwa Dar es Salaam miezi minane kwa saratani, dawa ikipatikana wiki hii na wiki ijayo haipo, baba akizunguka mjini kutafuta hata bomba la sindano. Kila asubuhi nesi aliita majina ya watoto wa wodi, kila mmoja akaitika "Nipo", na palipokuwa kimya wenzake walijifunika shuka wasikitazame kitanda hicho. Alirudi nyumbani Februari 1986 akiwa amepona, ila kimya kilimtisha maisha yake yote, ukichelewa kumwitikia alikuja mbio.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1990, kidato cha nne mwaka 1994 mjini Tanga, akafanya kazi ya kupiga chapa, na mwaka 1999 akaajiriwa katika duka la intaneti kule Chumbageni. Oktoba mwaka huo alianza kuandikiana barua pepe na vijana waliopona saratani utotoni kama yeye, wa kwanza akiwa Mselem aliyelala naye wodi moja, hadi wakafika tisa pamoja naye, wa Moshi, Unguja na Dar es Salaam, wakielezana yale wasiyoweza kutuambia sisi, kwamba wanaogopa kuoga kwa kuwa mkono unaweza kukutana na uvimbe, kwamba wanaogopa kuposa. Sheria yao ilikuwa moja, kila Ijumaa kila mtu aandike "Nipo". Ijumaa moja umeme wa Tanga ulikatika kutwa asiweze kuandika, na kesho yake Mselem alishuka kwenye basi la Dar es Salaam, akamkuta Ernesti anakula mihogo, akakaa chini akalia.

Alifunga ndoa tarehe 6 Mei 2000 na Mama Msafiri, baada ya kumweleza ugonjwa wake wote kabla ya posa, jambo ambalo sisi tulimkataza, na mtoto wao Msafiri alizaliwa tarehe 11 Machi 2001.

Juni mwaka huu wa 2001 alipapasa uvimbe shingoni. Yeye aliyewahimiza wenzake wakimbilie kwa daktari siku hiyohiyo alinyamaza hadi Septemba, akaniambia mimi peke yangu, "Dada, wakijua ugonjwa umenirudia mimi, wote wataona zamu yao inakuja." Alipolazwa alinipa neno lake la siri la barua pepe, nikaenda dukani Ijumaa tatu kuandika "Nipo" kwa jina lake. Alifariki Alhamisi tarehe 18 Oktoba, saa tisa alasiri, na jana Ijumaa, ndugu zangu, kwa hofu tu, nilikwenda nikaandika tena.

Kikao cha ukoo kilitaka nisome kwamba ni malaria. Lakini leo mchana Mselem amefika, kwa sababu alijua Ernesti huandika asubuhi kabla ya kufungua duka, na jana "Nipo" ilikuja saa kumi jioni. Aliponiuliza sikuweza kusema jino, nikamwambia ukweli. Jumatatu nitawaandikia wale saba waliobaki kwamba ilikuwa saratani, kwamba Ernesti alichelewa kwa kuogopa, na kwamba wao wasichelewe, nami naogopa sana kuiandika barua hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Pongwe tuliowadanganya miaka kumi na sita na bado mmekuja na kuni na maji, na wafanyakazi wenzake waliofunga duka leo.

Ernesti, tangu juzi nakuita, huitiki, na safari hii hatujifuniki shuka. Lala kwa amani, mdogo wangu.