Ukurasa Aliouchana Paulin

Kijiwe chetu ni ubao uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fotokopi cha Siméon, mtaa wa Kimemi, Butembo. Mama Agar hutumiminia kahawa, nasi tunamlipa nusu kwa noti, nusu kwa kelele. Mwaka ule wa 2000 nchi ilikuwa imekatwa vipande: Kinshasa kivyao, sisi chini ya waasi, na karatasi yenye muhuri wa Kinshasa ilitosha kukufanya mpelelezi. Jumamosi hiyo jenereta ya Siméon ilibakiwa na mafuta ya saa moja, na mjini mafuta hayakuwapo. Paulin, mwalimu msaidizi wa chuo cha wauguzi, alikuwa amekumbatia silabusi ya ukunga, yaani masomo yote ya profesa mmoja wa Kinshasa yaliyopigwa chapa. Ilikuwa nakala pekee. Jumatatu wanafunzi ishirini na wanane walipaswa kuianza, na baada ya mwezi watumwe vijijini kuzalisha. Siméon, tunayemwita Copie-Conforme, yaani nakala halisi, alikataa kuinakili.

— Siméon, mafuta inaisha, alisema Paulin. Piga hata zile karatasi za mama mwenye kutoka damu nyuma ya kuzaa.

— Hapana. Ile buku iko na mwenyewe. Wapi karatasi ya mbele? Pale njo banaandikaka kama banaruhusu kunakili ao banakataza.

— Niliichana.

— Uliichana?

— Commerçant moja, mwenye kuuzisha vitu, aliileta toka Kinshasa, akapita Kampala. Nikaenda kuitwaa Beni. Karibu na barrière ya askari nikaona muhuri. Nikachana karatasi, nikaitafuna.

— Donc ulikula ruhusa! alicheka Gracien, dereva wa lori, ambaye jina lake la kijiweni ni Kilomètre.

Na mimi nilicheka. Siméon hakucheka.

— Ilisema nini?

— Kwa mambo ya ruhusa nilisoma neno moja tu: *Reproduction*, kunakili. Kisha soda mwenye bunduki akagonga kiyoo ya gari.

— *Interdite*, inakatazwa! alidakia Zorobabel. Huyu alisoma sheria mwaka mmoja, vita ikamrudisha nyumbani, nasi tukampa cheo cha Maître, kama wakili. Akaendelea: nyuma ya ile neno hakufuataka ingine. Na fotokopi haikuokoe, mutoto wa nyoka ni nyoka!

— Mais non, alisema Kilomètre. Ba professeur bengine banaandikaka *autorisée*, banaruhusu, mradi uache jina yao na usiuzishe. Padri moja wa Kirumba alinionesha. Tena mgeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Ile buku iko hapa juma muzima, itumike!

— Kilomètre, sikia, alisema Zorobabel, akigeuza hoja. Kinshasa iko inchi ingine sasa. Loi, sheria yao, inaishia kwa front ya vita. Huku kwetu ule professeur hajazaliwa bado.

— Na maneno yake ilivuka front namna gani?

— Ilivuka bila yeye! Tena Paulin alikula karatasi, ruhusa iko mu tumbo yake. Yeye njo mwenyewe sasa. Aandike jina yake juu, tumalize!

Paulin alisimama, ngumi ameikunja. Nilidhani atampiga Maître. Wakati huohuo askari wawili walitokea kwenye kona na bunduki zao. Paulin aliketi juu ya silabusi. Sote tukaitazama kahawa mpaka walipopita.

— Munaona? Siméon alinong'ona. Mwaka jana nilipiga karatasi ya mutu bila kuuliza, basoda bakabeba mashine mwezi muzima.

Ndipo akafika mwanamke aliyefunikwa na vumbi la barabara.

— Jambo ba papa. Jambo mama. Mimi njo Séphora, muuguzi wa maternité moja ya Mulekera, Beni. Banasema hapa kuko buku ya kuzalisha. Natafuta copie moja.

Siméon akamweleza yote. Séphora alisikiliza bila kukaa, kisha akatoa kalamu ya bic na karatasi nyeupe.

— Basi tutengeneze karatasi ya mbele mupya. Jina yake ikae juu, kila mutu ajue ni kazi ya nani. Akikasirika, vita ikiisha atatukuta. Anaitwa nani?

Tulikuwa tumembishania mtu huyo mchana kutwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza jina.

— Paulin, weye ulisoma ile karatasi, alisema Siméon.

— Jina niliisoma, alisema Paulin, akiinamisha kichwa. Soda aliuliza: nani aliandika hii? Nikajibu: mimi. Toka pale jina yake inanikimbia mu kichwa.

— Si unaona! Basi ni ya...

— Maître, funga kinywa, alisema Mama Agar.

— Nilimukana mara moja, alisema Paulin. Mara ya pili hapana.

Nikaona haya kwa kicheko changu cha mwanzo. Séphora akaandika *Kazi ya*, akavuta mstari mrefu mtupu. Chini yake: *Mwenye kumujua, aandike jina yake hapa. Mwenye kunakili, asitoe hii karatasi.*

Siméon aliisoma mara mbili. Akaingia ndani, akavuta kamba ya jenereta.

Zilitoka nakala kumi na tisa za zile kurasa za mama anayetoka damu, kila moja na karatasi yake ya mbele, mafuta yakaisha. Moja akaondoka nayo Séphora. Zilizobaki Paulin alizipanga magotini, na kwenye kila mstari mtupu alikawia kidogo, midomo ikicheza, akijaribu majina.