Kikombe cha Mzee Zubairi

Sasa hivi Habibah wangu amemaliza uji, akatua kikombe mezani, to! na kunyoosha kidole mlangoni: "Haya, endeni!" Hajafika miaka mitatu. Wote hapa kiwanjani mnajua maneno hayo ni ya nani.

Mzee Zubairi Badiru anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1954, baada ya miaka kumi na minne katika kiwanja chetu cha ndege cha Tororo. Alikuja kutoka Busia kwa baiskeli wakati wa vita, akaanza kwa kuwasha taa za njia ya ndege na kufukuza ng'ombe. Kwa kuwa Kiingereza alikiokota kwenye malori, akapewa kazi ya kutusomea kwa Kiswahili maagizo ya kila ndege.

Sisi wa petroli, wa taa na wa chai alituzoesha hivi: kwenye mkato anapiga funda moja; kwenye nukta anatua kikombe na kusema, "Haya, endeni!" Kabla kikombe hakijagusa meza, mguu haunyanyuki. Ramadhani kikombe kilikuwa kikavu, lakini kilipanda na kushuka vile vile.

Tulimcheka, jamani. Ogwang wa petroli alimwita Bwana Chai. Mwaka jana Mzee akashikwa na malaria, na karani mgeni akasoma kwa pumzi moja: "Jaza tangi la kushoto na la kulia usifungue mpaka fundi aje." Nukta ilikuwepo baada ya "kushoto"; yeye akairuka. Aliposikia "na la kulia", Ogwang huyoo juu ya bawa, anamimina. Tangi hilo lilikuwa na ufa, na injini bado ya moto. Mzee, aliyekuwa amejifunika blanketi barazani, akapiga kelele: "Wee Ogwang! Teremka, mwanangu, chai bado!" Ogwang akaganda. Petroli iliishia kulowesha bawa tu. Tangu siku hiyo kikombe anakiosha Ogwang mwenyewe.

Nafasi ya Mzee haijapata mtu. Ameniombea mimi, mpika chai wa darasa la nne; ndiye aliyenifundisha kusoma maagizo huku namjazia birika. Bwana mkubwa amekubali nijaribiwe leo, kwa ndege inayoleta wageni wa sherehe hii. Nikisoma vizuri, kazi ni yangu, na Habibah atapata shule. Nikiharakisha, ataletwa mtu kutoka Jinja. Nami ni mtu wa haraka, hata uji naupakua haujaiva. Tangu asubuhi natoka, natazama mawingu juu ya Mwamba wa Tororo, narudi, natoka tena.

Jana Mzee aliniachia kikombe chake. "Mama Habibah," alisema, "usikimbie. Ndege nangoja wewe."

Ogwang huyo anaita: "Mama Habibah! Ndege nashuka! Watu nasimama! Kikombe iko wapi?"

Mzee wetu, asante kwa kila funda. Nenda Busia kwa mkeo Mama Fatumah, unywe chai yako bila kusomea mtu, upumzike, uzeeke vizuri, na ukisikia ndege inapita juu ya bati lako ujue kwamba mimi hapa nimefika kwenye mkato, napiga funda,