Zilizala Ambayo Haikuja

Kijiwe cha Msambweni, mkabala wa shule, kilijipatia serikali yake wiki ile ile ya uhuru. Mbwana, fundi mwashi, aliteuliwa Waziri kwa sababu alikuwa na koti. Randu akaitwa Redio, na kila aliyewahi kukaa karibu naye anajua kwa nini. Sefu akawa Daktari. Aliwahi kufagia hospitali. Ni mwaka wa tatu sasa serikali hiyo inakunywa kahawa, haifanyi lolote, wala haina mpinzani. Lakini leo kahawa haikumshuka Waziri. Baada ya sala ya alasiri, Injinia Zilizala angeagwa pale shuleni, anastaafu baada ya miaka thelathini ya kujenga majengo yasiyoangushwa na zilizala, yaani tetemeko la ardhi. Na Waziri ndiye aliyejitapa mbele ya wazazi wote kwamba hotuba ataitoa yeye, kwa kuwa "yule ni ndugu yangu, nimejenga naye tangu ujana." Hotuba yenyewe hakuwa nayo hata neno moja.

— Jamani, nisaidieni, — alisema Waziri. — Mtu husifiwa vipi kwa zilizala ambayo haikuja?

— Msifu kwa chuma, — Daktari akajibu. — Si alikuwa akiwaamuru mfunge kila jengo mkanda wa zege na chuma juu ya milango, kuta zote zishikane?

— Na sisi tukimcheka. Tukimwuliza kama ukuta una suruali inayoporomoka.

— Hilo usilitaje.

— Nani kasema haikuja? — Redio akadakia. — Ilikuja! Ilitokea baharini, ikafika Bodo, ikaulizia njia. Ikaambiwa shule ya Msambweni imetiwa chuma. Ikageuza.

— Uliiona wewe? — Waziri akauliza.

— Mie nilikuwa nimelala. Nikatupwa chini kutoka kitandani.

— Ulitupwa na mkeo, yakhe.

— Acheni upuuzi, — alisema Daktari. — Kitaalamu, ardhi hutetemeka kwa homa. Vile vyuma alivyovishindilia kwenye misingi ni sindano. Kutoka Majoreni mpaka Matuga, ardhi yote imedungwa. Imepoa!

— Basi ndiyo maana Wazungu wakaondoka, — alisema Redio.

— Kwa homa?

— Kwa majengo! Walikuwa wakingojea yaanguke, watuambie hatuwezi kujitawala. Ngoja, ngoja, hayaanguki. Wakafunga mizigo.

Waziri alijua ni porojo tupu, na bado alijikuta akikariri kimoyomoyo: uhuru wetu uliletwa na mkanda wa zege. Alijicheka, kisha akahuzunika. Kila ukuta ulipokamilika, injinia aliuwekea kiganja na kusema, "Watakaa watoto wa watu humu." Mjukuu wa Waziri alikuwa humo saa hii, akiimba hesabu. Alitaka kumshukuru mtu yule, kwa dhati, na kichwani mwake mlikuwa na mzaha tu.

Hapo akafika Mwanaima, mshonaji, na kitambaa kirefu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Hiki ni cha kutundika mlangoni. Nimeshadarizi "Ahsante Injinia". Nipeni jina nimalizie.

— Zilizala! — alisema Redio.

— Hilo ni la kumcheka. Mamake alimwita nani? Mwalimu kasema niwaulize nyinyi, ndugu zake.

Redio akamtazama Daktari. Daktari akatazama kikombe. Waziri akafunga vifungo vya koti. Miaka thelathini walimwita Bwana Injinia akiwapo na Zilizala akiwapa mgongo; jina lake hawakuwahi kuuliza. Aibu ilimpanda Waziri mpaka masikioni.

Na injinia mwenyewe akatokea kwenye kona ya shule, amewahi, kanzu imepigwa pasi.

— Assalamu alaykum, Mbwana bin Tembo. Hujambo, Randu wa Chome? Sefu bin Suleiman, mama anaendeleaje na mguu?

— Waalaykum salaam, — wakaitikia wote watatu kwa sauti kubwa, kisha wakakwama pale palipotakiwa jina lake, na Mwanaima akiwatazama, sindano mkononi.