Bohumil Kratina, Aliyekataa Timu Igawanywe kwa Kurasa

Tarehe 28 Juni 2019, Bwana Bohumil Kratina anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya kuihudumia timu ya taifa ya tenisi ya wanaume. Karibu kumi na mitano ya mwanzo aliitumikia Chekoslovakia, iliyobaki Jamhuri ya Cheki. Nchi ilibadilika, yeye hakuhama hata meza.

Aliajiriwa Machi 1978 kufunga nyuzi za raketi. Alizigonga kwa kucha, akasikiliza, basi akajua zimekaza kiasi gani. Mchezaji aliyejaribu kumfundisha kazi alijibiwa, "Wewe kapige mpira, kijana. Nyuzi niachie mimi." Mwaka 1980, timu ilipotwaa Kombe la Davis hapahapa Prague, yeye alikuwa chumba cha nyuma akihangaika na raketi iliyokatika nyuzi. Akasikia kishindo, akadhani paa limeporomoka, akatoka mbio na koleo mkononi. Mpira wa ushindi hakuuona, ila ukimsikia akiusimulia utaapa kwamba aliupiga yeye.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuandika Kitabu. Tangu 1921 kila mechi ya timu iliingizwa humo kwa mkono: nani alicheza, wapi, matokeo, nani alichechemea na nani alilia. Nakala haikuwepo.

Vuli ya 1992 nchi ikawa inagawanywa, na mali zake pia, kwa kanuni ya mbili kwa moja: sehemu mbili kwetu Wacheki, moja kwa Waslovakia. Tukagawa raketi, nyavu, viti, mpaka makopo ya mipira. Ikafika zamu ya Kitabu. Kamati, jamani msicheke, ikaamua kurasa mia mbili zibaki Prague na mia moja ziende Bratislava. Ubishi ukaja kwenye mechi za wawili wawili, Mcheki na Mslovakia wakiwa upande mmoja wa wavu. Mjumbe mmoja akasema karatasi hizo zikatwe katikati.

Bwana Bohumil, ambaye hakuwa hata mjumbe, akasimama. "Mkikata hapa mtabaki na mtu anayecheza peke yake dhidi ya wawili. Huyo si atafungwa tu! Nipeni mpaka Krismasi, nitawaletea vitabu viwili, vyote vizima."

Mkewe, Mama Ružena, ni Mslovakia wa Trnava. Alipopata habari alisema, "Gaweni nchi mnavyotaka, lakini mume wangu msinikatie theluthi!" Kila jioni baada ya kazi na kila Jumapili yeye alisoma, mumewe akaandika, kwenye meza ya jikoni. Samaki wa Krismasi alipowekwa hai kwenye beseni la kuogea kungoja sikukuu, kama ilivyo ada yetu, wao walikuwa bado kwenye mechi za mwaka 1974. Waliandika ushindi na vipigo, hata makosa ya waliotangulia. Tarehe 23 Desemba akaviweka vitabu viwili mezani, mkono umevimba hata kikombe cha kahawa kinamshinda. Kimoja kikaenda Bratislava, na vijana wa huko wanajua mpaka leo wazee wao walicheza na nani.

Wafanyakazi wapya humuuliza ni nani aliyekuwa tayari kukikata Kitabu siku ile. Huwajibu, "Aa, karani fulani tu, jina limenitoka."

Halijamtoka. Amekunywa naye kahawa kila asubuhi kwa karibu miaka ishirini na saba. Karani huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeshapiga mistari kwa rula, mkasi nimeushika, na moyoni najiambia kazi ni kazi. Aliuchukua mkasi taratibu, akaninong'oneza, "Zdislava, mwanangu, hili litakuja kukuumiza." Hajalitaja tena, si kwangu wala kwa mwingine yeyote.

Bwana Bohumil, kwa niaba ya ofisi nzima nakushukuru kwa kazi yako. Kwa niaba yangu nakushukuru kwa kunifichia aibu, na leo nakutua mzigo huo. Wewe na Mama Ružena mpumzike vizuri, mwe na afya na miaka mingi ya furaha.

Zdislava Horká,
Karani wa Kumbukumbu