Mchimba Dhahabu Aliyekimbia Kaburi la Mkwewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mdomo huu wangu, ambao aibu iliufunga siku nyingi.

Mnanijua. Shule niliishia kuandika jina tu. Nyumba ya bati pale Iyunga, ng'ombe, shamba, vyote nimevipata kwa mikono hii, kwa dhahabu niliyochimba Makongolosi. Mtu akisema anaogopa, nilimcheka mbele ya watoto wake. Basi sikieni Mungu alivyonishusha.

Baba mkwe alifariki kwao Kalenga. Katika ukoo ule, kaburi huchimbwa na waume wa mabinti. Na mimi mchimba dhahabu, nani anipite? Nikavua koti, nikaruka shimoni, nikawaambia wenzangu wakae pembeni watazame. Shimo lilipofika kifuani, ndugu zangu, mwili ukanigeuka! Moyo ukatwanga kama mchi. Pumzi ikakatika, vidole vikafa ganzi, kuta za udongo nikaziona zinanijia. Nikajua ninakufa. Nikapanda juu kwa kucha, nikakimbia mpaka mtoni.

Mngoni mmoja, mtani wao, alikuwa pale na utani wake wa msibani. Akapaza sauti: "Wahehe, mkwe wenu huyo anakwenda! Dhahabu alichimba kwa kijiko? Mrudisheni, marehemu hajamuuma bado!"

Watu wakacheka. Shemeji yangu mkubwa, Daudi, hakucheka. Akasema, "Kaburi limemkataa. Aliyemuua mtu hawezi kusimama katika kaburi lake."

Neno likaenea. Baada ya mazishi wakaniambia, nenda, dada yetu anabaki hapa mpaka ujisafishe. Nikarudi Iyunga bila mke, bila uso. Moyo ukawa unanipiga hata kanisani, hata kwenye lori. Nikaacha kanisa. Nikaenda kwa mganga, akanichanja kifua na kula kuku wangu, na moyo ukapiga vilevile. Nikanywa pombe nipate usingizi. Asubuhi mambo yalizidi.

Mzee mmoja wa kanisa akaniombea, kisha akanishika mkono mpaka hospitali ya misheni. Daktari mwenyewe kijana wa Kibena, umri wa mwanangu! Akanisikiliza kifua, akasikiliza na habari ya kaburi, akasema, "Mzee, moyo wako mzima. Unaumwa hofu. Uliwahi kufukiwa?"

Ndugu zangu, nililia mbele ya kijana yule. Maana Makongolosi shimo lilituangukia, mimi na rafiki yangu Anyosisye. Nikatolewa hai. Yeye alikufa ameushika mguu wangu. Kesho yake nilirudi kazini nikijigamba, na sikumsimulia mtu, hata mke wangu.

Daktari akanieleza. Mbwa aliyepigwa sana kwa fimbo hukimbia hata akiona ukuni. Ndivyo mwili wangu: uliona udongo, ukadhani shimo linaanguka tena, ukaniambia kimbia. Si uchawi, si imani haba. Wengine hupata hofu hii kwa misiba mingi, wengine huirithi kwa wazazi wao, na wengine hawajui ilikotoka.

Akanikataza pombe. Akanifundisha kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Akawa ananiita nimsimulie habari za Anyosisye, tena na tena, mpaka nikaweza kulitaja jina lake bila kutetemeka. Akaniagiza nichimbe shimo nyuma ya nyumba, niingie magotini, nikizoea niingie kiunoni, nikizoea nishuke zaidi. Moyo ukipiga nisitoke, ningoje utulie. Nikaingia huku ninaomba. Majirani walidhani nachimba choo. Na moyo ulitulia, haleluya!

Ndipo nikarudi Kalenga. Mkwe hasemi na mama mkwe ana kwa ana, kwa hiyo nilisema na Daudi, mama akiwa nyuma ya mlango anasikia. Nikasema, "Sikumuua mzee. Niliogopa. Mimi ni mwoga wa shimo, nikaficha kwa kiburi."

Sauti ikatoka ndani: "Daudi, mwambie mkwe aketi. Hata baba yako, tangu mizinga ya Wadachi ilipopiga hapa akiwa mtoto, ngurumo ikilia aliingia chini ya kitanda. Ninyi niliwaambia anatafuta viatu."

Daudi akainama. Akaniletea kiti kwa mikono yake. Mke wangu akatoka na mzigo umeshafungwa, akasema, "Baba Neema, miaka yote hii ungeniambia mimi." Nikaupokea mzigo wake, nikaubeba mwenyewe mpaka barabarani.

Msidhani hofu imekufa kabisa. Hunitembelea bado, hata hapa niliposimama. Lakini namshukuru Mungu aliyenipa maombi na akanipa daktari, wala hakuniambia nichague kimoja.

Nawe uliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, upate njia ya kukimbia, nimekuona. Mtumaini Bwana, uende hospitali. Ukiona haya kwenda peke yako, njoo Iyunga unigongee. Nitakusindikiza, na tutakaa wote kwenye benchi mpaka waite jina lako.