Aliyesimama Mbele ya Ubao wa Matangazo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa chumba cha picha za nyuklia anastaafu tarehe 30 Juni. Alistahili kuagwa kwa vicheko. Lakini siku nne baada ya kukabidhi funguo atalazwa kwenye meza ya upasuaji, na si haki kuandika habari zake kana kwamba hatulijui hilo.

Wapo watumishi ambao hadi leo hawajui alikuwa akifanya nini nyuma ya ule mlango mzito. Alikuwa akitazama damu ya miguuni. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa husafiri pamoja na damu, na kamera kubwa huipokea mionzi hiyo na kuichora miguu kwenye skrini. Damu inapofika, panang'ara. Isipofika, ni giza. Dawa huletwa kila Jumatano asubuhi, nayo hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa sita, hivyo haiwekwi akiba. Hutosha wagonjwa wanane. Wa tisa husubiri wiki inayofuata.

Aliingia hospitalini akiwa msukuma machela. Alipopelekwa masomoni alirudi na cheti, pamoja na mazoea ya kuifuta skrini kila asubuhi kwa kitambaa alichokifua mwenyewe. Aliyeigusa kwa kidole alikiona cha mtema kuni.

Katika mwaka wake wa tisa alifanya kosa. Kabla ya kupiga picha, fundi hubandika kwenye goti la kulia kipande kidogo cha madini ya risasi, ukubwa wa kifungo cha koti, ambacho huacha doa jeusi pichani ili mguu mmoja usidhaniwe kuwa mwingine. Siku hiyo alimpiga picha mama mmoja, fundi cherehani, akiwa amelala kifudifudi, mlalo unaobadilisha kulia na kushoto pichani, akasahau kukibandika. Siku ya tatu dobi alimletea koti lake safi na kile kipande mkononi: "Mzee, hiki kilikuwa mfukoni. Kimeoga bure." Hakucheka. Alikimbia ngazi zote hadi chumba cha upasuaji, ambako yule mama alikuwa amekwisha kulazwa usingizi, na mguu uliopakwa dawa ulikuwa ule usio na ugonjwa.

Alisema mbele ya wote kwamba kosa ni lake. Mama alipasuliwa mguu uliostahili, akarudi kwenye cherehani yake. Fundi wetu alijiandikia mwenyewe barua ya kukiri, akakaa miaka miwili bila kupandishwa cheo. Tangu hapo hakumgusa mgonjwa kabla ya kumwambia ainue mguu wa kulia na autaje kwa sauti. Maprofesa waliinua. Watoto waliinua. Mkuu wa hospitali naye aliinua, kwa kunung'unika.

Kosa la pili tulilifanya pamoja naye. Kwa takribani miaka mitatu alikuwa akitoka langoni, anafika kwenye ubao wa matangazo, anasimama. Anasoma. Anaendelea hadi dirisha la dobi, anasimama tena, anaulizia koti ambalo hakulipeleka kufuliwa. Tulimwita Mzee Matangazo. Wauguzi walimpigia kelele, "Soma vizuri, mzee, kesho kuna mtihani!" Naye aliwajibu, "Njooni mnakili, maana nyinyi mtafeli." Tulicheka sote, nami msaidizi wake nikiwemo, ilhali kila Jumatano tulikuwa tukiwasikia wagonjwa wakieleza jambo hilohilo: natembea kidogo, kigimbi cha mguu kinabana, nasimama, kinaachia, naendelea. Ubaoni palikuwa na tangazo moja tu, la bomba lililokwisha kutengenezwa zamani.

Mwezi wa Machi alikaa sakafuni chini ya ubao huo, akashindwa kuinuka. Alipovuliwa kiatu, vidole viwili vya mguu vilikuwa na rangi ya majivu. Mkewe alipofika alimuuliza kwa nini hakujipima, naye mashine anayo. Alijibu kwamba kila Jumatano kulikuwa na majina manane, na hakuona la kufuta. Mkewe akamwambia, "Basi ungeliandika lako la tisa, baba watoto. Wiki moja ungesubiri. Umesubiri miaka mitatu." Silisemi hili kwa kumsifu. Mkewe alisema kweli.

Jumatano iliyofuata alilala kwenye meza aliyowalaza watu maisha yake yote. Nilimwambia ainue mguu wa kulia na autaje. Aliuinua, akautaja, akaniangalia mpaka nilipokibandika kile kipande gotini. Kisha akaomba skrini igeuziwe upande wake. Mguu wa kulia ulikuwa hafifu. Wa kushoto, kuanzia chini ya goti, haukuwepo. Aliutazama kwa muda mrefu, akasema picha imetoka vizuri.

Madaktari watajaribu kuipitishia damu njia nyingine. Wasipofaulu, mguu utakatwa. Binti yake amekwisha kukihamisha kitanda cha baba yake kutoka ghorofani hadi chini.

Hatuna zawadi inayolingana na hayo. Tumeweka benchi chini ya ubao wa matangazo, na kuanzia tarehe mosi Julai, mtumishi yeyote atakayemwona mtu amesimama hapo atamuuliza kama anasoma au anapumzika, na hatapita kabla ya kujibiwa. Kipande cha risasi ametuachia. Tumemwomba daktari wa upasuaji akibandike tena gotini mwake siku ya upasuaji, upande wa kulia.

Ahsante, ndugu yetu, kwa kila mguu ulioutazama kwa makini kuliko wako. Tunakuombea uzima na siku njema zilizobaki, na uje utuone kwa namna yoyote utakayoweza kuja. Benchi lipo.