Mji wa Mkoko

Kijiwe chetu kiko ng'ambo ya stendi ya Kibiti, ubavuni mwa duka la vipuri, mahali ambapo basi la kusini likipita vumbi lake lote linatua kwenye vikombe vyetu na hakuna anayelalamika. Benchi ni moja, ubao mrefu, na mwisho wake wa upande wa barabara umechomoza msumari. Hapo ndipo alipokuwa akikaa marehemu Abbasi, malenga wa Mbuchi, ambaye sote tulimwita Mkoko. Akifika, hutundika kofia yake kwenye ule msumari, ndipo hutoa salamu. Sasa watu wa Dar wamekuja kutengeneza filamu ya maisha yake, na jana walimkalisha mwigizaji wao pale pale. Hawakumwambia habari ya msumari. Alipoinuka, kipande cha kanzu kikabaki. Tulicheka sana, kisha kila mmoja akatazama kikombe chake, maana tangu tumzike Mkoko hakuna kati yetu aliyethubutu kukaa pale.

Leo tumekaa na mtihani. Zawadi, binti anayeiongoza ile filamu, alipita asubuhi na heshima zake zote. Akasema mwisho wa filamu ni Mkoko juu ya benchi hili, anatega fumbo lake la mwisho. Fumbo analo. Jibu hana. Atakayelipata kabla ya magharibi atalisema mwenyewe mbele ya kamera. Lisipopatikana, ataandika la kwake, na mwigizaji atalisema kama la Mkoko.

Fumbo lenyewe tunalijua sote, alitutegea sisi:

Nyumba nimejenga pwani, wageni nimewajaza,
Mwenyewe ni barazani, mlango wameukaza.

— Jibu la Zawadi nimeshalisikia, alianza Gia. Gia ni Nasibu, kijana wa bodaboda anayewabeba wale watu wa filamu. — Anaandika "mapenzi".

— Mapenzi? Profesa alikohoa kahawa. — Mkoko na mapenzi wapi na wapi?

Profesa jina lake Ismaily. Alisoma chuo muhula mmoja, na muhula huo hajaumaliza kutusimulia mpaka leo.

— Ndo ivo, mzee. Anasema watazamaji watalia.

— Basi tulitafute la kweli. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Si yule mwigizaji aliinama jana? Kanzu ikachanika!

— Nyamaza, Gia. Sikilizeni. Nyumba ya pwani ni nini? Shimo la kaa. Kaa anachimba kwenye matope ya mikoko, samaki wadogo wanaingia, mwenyewe anakaa mlangoni na gando lake. Jibu ni kaa.

— Kaa gani anafungiwa nje kwake? Mimi naona simu, alisema Gia. — Nyumba ni simu, wageni ni namba za watu. Kazijaza kibao. Ye mwenyewe hana salio, hampati mtu. Mlango umekazwa!

— Mkoko hakuwa na simu.

— Ndo maana kawa barazani!

Mzee Mshamu akatua kikombe. Huyu tunamwita Chumvi, kwa sababu hakuna habari inayompitia ikatoka kama ilivyoingia. Ukimwambia umeona kenge, kesho utasikia ulipigana na mamba.

— Nyinyi mnacheza, alisema. — Nyumba ni lile shamba lake la mpunga kule Mbuchi. Wageni ni maji ya bahari. Yalipanda mtoni, yakaingia shambani, mpunga wote ukaungua kwa chumvi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wageni wakaja, mwenyeji akahama. Kwa hiyo hata methali ilikosea.

Hilo lilitutuliza kidogo, kwani lilikuwa na ukweli ndani yake. Shamba liliungua kweli, na ndiyo sababu Mkoko alihamia kwa binti yake hapa Kibiti. Lakini Chumvi hawezi kuacha chakula kikiwa na ladha.

— Tena si maji matupu. Kulikuwa na jini wa kike mle mtoni. Mkoko alimwoa ujanani, akamzalia watoto, wako porini Ngarambe mpaka leo wanalinda tembo. Mashairi yote alikuwa anapewa na yule jini. Alipohama, jini akafunga mlango. Ndiyo maana hakutunga tena!

— Astaghfirullah, alisema Tamimu, muuza kahawa, akammiminia kikombe kingine.

— Kisayansi, Profesa alidakia, asishindwe na jini, — nyumba ni tumbo, wageni ni minyoo. Pwani kuna minyoo mingi. Mlango umekazwa, maana yake choo hakitoki. Mkoko si alikuwa anashika tumbo siku zile za mwisho? Alikuwa anatuomba dawa kwa mashairi!

Gia alicheka peke yake. Sisi wengine tulikumbuka jinsi alivyokuwa akilishika lile tumbo, mkono mmoja juu ya kanzu, mwingine umeshika kikombe ambacho hakikupungua. Tulikuwa tunamtania kwamba anatunza kahawa ya futari. Nilijisikia vibaya, na niliona hata Chumvi amenywea.

— Kwani wazee, Gia aliuliza, — si mngempa mji tu? Angewaambia jibu mwenyewe, kesi imeisha.

Hapo ndipo pabaya. Kwetu, ukitegewa ukashindwa, unampa mtegaji mji. Unamwambia chukua Chumbi, au chukua Ikwiriri, mji wowote. Naye anautembelea kwa maneno: nilipofika Chumbi walinipokea kwa wali na samaki, wakanitandikia mkeka mpya, wakaniuliza habari za nyumbani. Akisharidhika, anatoa jibu. Mkoko alikuwa fundi wa kupokewa huko kwenye miji. Siku hizo za mwisho, kila jioni kabla ya kuvaa kofia yake alituuliza, "Mnanipa mji?" Na kila jioni tulimjibu, "Bado tunafikiri. Njoo kesho." Mwisho hakuja.

— Kijiwe hiki hakitoi mji, alisema Profesa. Ilikuwa sheria yake, na siku nyingine zote huisema kwa kifua. — Kutoa mji ni kusema tumeshindwa. Subira yavuta heri.

— Imevuta jeneza, alisema Gia.

Tamimu alitikisa birika, akasikiliza kilichobaki.

Ndipo alipotokea Mwanabaraka, binti wa marehemu, anatoka upande wa stendi. Si mtu wa kusimama kijiweni. Alisimama mbali kidogo, kwa adabu yake, mkono umeshika pembe ya kanga.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Sikai. Nimetoka kwa wale wa filamu. Nimesoma yale wanayotaka baba aseme. Si maneno yake yale. Baba yangu hawezi kwenda kuonekana nchi nzima anasema maneno ya mtu mwingine.

— Tunalitafuta jibu, mwanangu, alisema Profesa. — Ila marehemu hakukuambia wewe?

— Nilimwambia baba, mimi nakupa mji, niambie. Akakataa. Akasema fumbo limetegwa barazani, haliteguliwi jikoni. Lakini ile jioni ya mwisho alirudi amefurahi. Alikula, siku nyingi alikuwa hali. Akaniambia, "Leo wamenipa mji." Nikamshukuru Mungu, nikajua basi amewaambia. Sikumuuliza zaidi.

Alitutazama mmoja mmoja.

— Kwa hiyo naomba kuuliza tu, baba zangu. Mlimpa mji gani?

Basi la Lindi lilipita, vumbi likatua, hakuna aliyefunika kikombe. Nilimgeukia Chumvi, maana kama kuna siku uongo wake ulihitajika ilikuwa hiyo. Mji mmoja tu, hata Chumbi. Chumvi alikuwa anatazama msumari.

Mwanabaraka alingoja kama mtu aliyezoea kungoja. Kisha akaelewa. Nilimwona anavyoelewa, na ningeomba nisimwone.

— Haya, alisema. — Ahsanteni. Acha waweke la kwao.

Akavuka barabara. Tamimu aliinamisha birika juu ya kikombe cha Profesa, likatoka tope la kahawa, likaisha.

Chumvi akavua kofia yake, akaitundika kwenye msumari.

— Mkoko, alisema taratibu. — Tumeshindwa. Chukua Kibiti.

Tukanyamaza wote, kama desturi inavyotaka, mtegaji apate nafasi ya kusema.